Kura ya Mgonjwa

Kitanda kilikuwa kitupu.

Wiki jana tulimwacha Warigia ameshika kitasa cha mlango wa wodi, asijue atakachokikuta ndani. Sasa mlango ulikuwa wazi. Shuka zilikuwa zimevurugwa, mto bado una shimo la kichwa, na kikombe cha uji kilikuwa kinafuka mvuke juu ya kabati dogo. Kiti cha magurudumu hakikuwepo.

Mume wake pia hakuwepo. Mheshimiwa Wanyoike Gachau, mbunge wa Mukinyi, mtu ambaye tangu kiharusi kimwangushe bafuni hakuwa amesimama kwa miguu yake wala kutamka neno hata moja, alikuwa ametoweka mchana kweupe katika hospitali ya watu, hapa Thika.

"Sista!" Warigia alipiga kelele. "Sista Nafuna!"

Muuguzi alikuja mbio kutoka chumba cha pili, glavu bado mkononi. Nafuna alikuwa mtu wa Bungoma, anaishi mtaa wa Landless, na ndiye aliyekuwa akimlisha Mheshimiwa kijiko kwa kijiko huku akimsimulia habari za mpira. Alipokiona kitanda na kumwona Warigia amesimama peke yake, rangi ilimtoka usoni.

"Mama, kwani si ulikubali mwenyewe?"

"Nilikubali nini?"

"Ahamishwe. Shemeji yako alikuja, huyo Githinji. Alikuwa na watu wawili wa suti. Akasema wewe uko chini kwa gari unangoja."

"Mimi natoka Ruiru saa hii! Nimetoka kushona, ona hata uzi uko kwa sweta yangu!" Warigia alishika ukingo wa kitanda. "Githinji. Ndugu yake wa tumbo moja. Ngai!"

Kisha akauliza swali ambalo jibu lake aliliogopa.

"Alitaka kwenda?"

Nafuna aliangalia sakafu.

"Alishika hiki chuma cha kitanda kwa ule mkono wake mzima. Ilibidi wamfungue kidole kimoja kimoja. Alikuwa analia, Mama. Lakini siku hizi analia akiona hata mvua. Sikujua. Nisamehe, sikujua."

Warigia alikuwa ameshageuka na anakimbia.

Kwa nini mtu aibe mgonjwa asiyeweza hata kujifuta mate? Kama unaingia kwenye hadithi hii leo, jibu ni fupi: kwa sababu ya hesabu ya Bunge.

Bunge hili lilipoapishwa, Muungano wa Ngao ulijaa upande wa serikali mpaka wengine wakakaa wamebanana. Walikuwa na wabunge wa majimbo, walikuwa na wawakilishi wa wanawake wa kaunti, walikuwa na wateule, na hata wabunge huru waliwakimbilia kabla kiapo hakijawakauka mdomoni. Upande wa pili, Muungano wa Mizani, ulikuwa wa kupiga kelele na kutoka nje kwa hasira. Kushinda kura lilikuwa jambo la ndoto.

Lakini muda wa Bunge ni mrefu. Huyu akafa kwa ajali. Wale mahakama ikafuta ushindi wao. Wengine wakanyimwa vyeo walivyoahidiwa, wakavuka kwenda ng'ambo wakiwa wamenuna. Kila uchaguzi mdogo ulipoitishwa, Mizani walikuwa wanachukua. Kufikia wiki hii, miungano ile miwili ilikuwa inatazamana sawa kwa sawa, na aliyeifanya Ngao iendelee kuitwa upande wa walio wengi alikuwa mtu mmoja tu: Wanyoike.

Na leo mchana, saa nane na nusu, Bunge lilikuwa linapigia kura Mswada wa Mashamba Makubwa. Mswada huo ungewaongezea wenye mashamba ya kukodi kwa mkataba miaka mingine mingi, na ungewaondoa watu wote waliojenga kandokando ya mashamba hayo. Wanyoike akiwepo na kusema Ndiyo, mswada unapita. Asipokuwepo, kura zinatoshana, na zikitoshana mswada unaanguka.

Ndiyo sababu walimfungua vidole.

Warigia alifika kwenye maegesho ya hospitali akihema. Mlinzi alikuwa anafunga geti. Hakukuwa na gari la Githinji wala watu wa suti.

"Shemeji."

Aligeuka. Mwanamume mnene aliyevaa koti la ngozi alikuwa ameegemea gari jeusi kando ya ukuta. Alikuwa Tobias, mbunge wa Mizani. Yeye na Wanyoike walisoma chuo kimoja hapa Thika, wakala kwa sahani moja, kisha siasa ikawatenga.

"Pole sana," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu wa matanga. "Nimesikia wamemchukua. Hao watu hawana utu."

"Wamempeleka wapi?"

"Hiyo tutajua. Lakini sikiza kwanza." Alisogea karibu. "Cindy wa televisheni yuko ndani ya hilo gari. Dakika tano tu. Sema mbele ya kamera kwamba mume wako hajitambui. Hajui jina lake, hajui leo ni siku gani. Ukisema hivyo, hakuna mahali watampeleka. Mawakili wetu wataingia kortini leo leo."

"Halafu?"

"Halafu atapumzika."

"Nauliza, halafu kiti chake?"

Tobias alijikuna shingo. "Kiti kitatangazwa kuwa wazi. Si lazima? Mtu ambaye hajitambui hawezi kuwa mbunge."

"Na Mizani mtaleta mtu wenu."

"Uchaguzi mdogo ni wa kila mtu, shemeji."

Warigia alikumbuka mtu huyu akicheza muziki kwenye harusi yao, jasho likimtiririka, akiimba kuliko waimbaji.

"Toby," alisema polepole. "Mume wangu anajitambua. Ananijua nikiingia. Anautambua wimbo anaoupenda ukipigwa. Unataka niseme amekufa akiwa hai?"

"Nataka umsaidie."

"Ulikuja kumwona lini?"

Tobias alifunga zipu ya koti lake.

"Tangu aanguke," Warigia alisema, "hii ndiyo mara ya kwanza nakuona hapa. Na umekuja na kamera."

Alimwacha amesimama hapo. Nje ya geti alipunga mkono, pikipiki ikasimama.

"Gatuanyaga," alimwambia mwenye pikipiki. "Haraka."

Hakuwa na shaka. Wanyoike alikuwa na boma Gatuanyaga, jimboni mwake, mbali na barabara kuu, mbali na macho ya waandishi. Mahali pa kumficha mtu palikuwa hapo.

Lami iliisha, vumbi likaanza. Warigia alifunga leso puani. Aliijua njia hii kabla hajamjua mume. Alizaliwa huku, kwenye ploti ndogo kando ya shamba kubwa la mkonge, na baba yake alizikwa huku, kaburi likitazama ua wa mwenye shamba. Mswada ukipita, kaburi hilo lingekuwa ndani ya ua.

Mbele ya geti la boma kulikuwa na watu. Wengi wao walikuwa wanawake, wamekaa chini ya kivuli cha ukuta, mitungi ya maziwa kando yao.

"Mama Maggie amekuja!" mmoja alisema, akimwita Warigia kwa jina la bintiye, wote wakasimama.

Aliyesogea mbele alikuwa Wayua, mjane mwenye ng'ombe wawili na ulimi usiopumzika. Leo alikuwa anaongea kwa upole, na upole wake ulimtisha Warigia zaidi ya geti lililofungwa kwa kufuli la nje.

Kufuli la nje. Hakuna mtu ndani.

"Tumemletea Mheshimiwa maziwa," Wayua alisema. "Tunasikia yuko na malaria mbaya. Anaendelea aje?"

Malaria. Kumbe hivyo ndivyo Githinji alivyokuwa amewaambia.

"Anaendelea," Warigia alisema.

"Leo ataenda Bunge?"

"Sijui, Wayua."

"Kwa sababu hawa watu wa shamba wameanza kupima. Jana walipigilia vigingi mpaka kwa choo yangu. Nikawaambia, ngojeni, sisi tuko na mtu wetu huko." Aliukunjakunja upindo wa leso yake. "Tuko na mtu, Mama Maggie? Ama tumebaki hivyo tu?"

Wanawake wote walikuwa wanamtazama. Warigia alitaka kusema ukweli, kwamba mtu wao hawezi kutamka neno, kwamba ameibwa, kwamba yeye mwenyewe hajui aanzie wapi kumtafuta. Lakini alichokiona ni meza ya jikoni kwao, Jumapili ile baada ya kanisa, Wanyoike akimenya chungwa na kisu kidogo. *Warigia, huu mswada siupitishi. Acha wanifukuze. Siwezi kurudi Gatuanyaga nikiwa nimewauza.* Kesho yake ndipo alipoanguka.

"Aliniambia kwa mdomo wake hawezi kuwauza," Warigia alisema.

Hakuna aliyepiga makofi. Wayua alifumba macho tu, akapumua. Na Warigia, kabla vumbi la maneno yake halijatua, alijua amejifunga.

Simu ilitetema mfukoni mwa sweta. Ilikuwa namba ya Ouma, dereva wa Mheshimiwa tangu kampeni ya kwanza.

"Mama," Ouma alinong'ona. "Nimekatazwa kukupigia. Wakijua, kazi imeisha."

"Ouma, yuko wapi?"

"Uko wapi wewe?"

"Gatuanyaga!"

"Aah, Mama." Ouma alitoa pumzi ya mtu aliyechoka. "Tuko Ruiru. Tuko kwako. Wamemleta nyumbani kuvaa suti."

Nyumba ya Wanyoike iko Ruiru, nyuma ya karakana ambayo Warigia hushona sare za shule. Alikuwa ameiacha asubuhi tu. Alipopita katikati ya cherehani zake, miguu ya wafanyakazi ilisimama kwenye pedali. Mmoja aliinua kidole kimya kimya kuelekeza sebuleni.

Aliusukuma mlango.

Mtu wa kwanza aliyemwona hakuwa mumewe. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyevaa gauni la kijani, amekaa kwenye kiti cha Warigia, akinywa chai kwa kikombe cha Warigia, kile cha harusi ambacho hutoka kabatini Krismasi peke yake. Kavata. Kiranja wa Muungano wa Ngao, mkusanya kura wao, mwanamke ambaye wabunge wanaume wenye vitambi walikuwa wanazima simu wakiona namba yake.

"Karibu nyumbani, Mama Maggie," alisema.

Kando ya dirisha, kwenye kiti cha magurudumu, alikuwa Wanyoike. Walikuwa wamemnyoa. Walikuwa wamemvisha suti ya kijivu, na ile suti ilikuwa imebaki ya mtu mwingine, mabega yananing'inia. Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa umelegea. Githinji alikuwa amepiga magoti mbele yake akimfunga tai.

Warigia alivuka chumba kwa hatua ndefu na kumsukuma Githinji. Githinji alianguka kwa makalio, mikono nyuma.

"Mwizi wewe! Ndugu yako! Unamfungua vidole kama kuku wa kuchinjwa!"

"Shemeji, skiza..."

"Usiniite shemeji!"

Alipiga magoti mwenyewe. Alichukua leso akamfuta mumewe pembe ya mdomo. Wanyoike alimtazama, na macho yake yakajaa maji.

"Baba Maggie. Wamekuumiza?"

Midomo ilitikisika. Hakuna sauti.

"Tunamrudisha hospitali," Warigia alisema akiinuka. "Ouma! Leta gari."

"Hakuna anayekuzuia," Kavata alisema.

Hilo lilimsimamisha. Alikuwa amejiandaa kwa vita.

"Mlango uko wazi, gari liko nje. Lakini keti kwanza dakika moja, kwa sababu ukitoka hapo hutaki kusikia habari hii kwa redio." Kavata aliweka kikombe chini taratibu. "Ruhusa ya ugonjwa ya mume wako imekwisha. Tuliomba nyingine. Spika amekataa, Mizani wamepiga kelele sana. Vikao alivyokosa vimefika mwisho. Asipoonekana leo ndani ya Bunge, si mbunge tena. Hakuna kesi, hakuna rufaa."

"Wachukue basi hicho kiti! Mimi nataka mume."

"Mume unayemtaka anatibiwa na bima ya Bunge." Kavata hakupandisha sauti hata kidogo. "Ile safari ya India iliidhinishwa jana. Daktari aliyemwona amesema nini? Si alisema anaweza kutembea? Anaweza kuongea, akiwahi? Mimi si adui yako. Mama yangu alikufa na kiharusi Mwingi, kwa mkeka, tukimpaka mafuta ya kondoo. Sitaki uone nilichoona."

Warigia aliangalia ukutani. Picha ya Maggie, binti yao, ilikuwa inacheka kutoka kwenye fremu. Maggie aliyekuwa chuoni Eldoret, akipiga simu kila siku kuuliza kama baba ameongea.

"Basi mmekuja kunyang'anya kwa nini?" alisema. "Mngeniambia hivyo."

"Nilitaka kukuambia. Kuna mtu aliogopa ungekataa." Kavata alimtupia Githinji jicho. "Na ukweli ni kwamba bila wewe hatuwezi. Asubuhi Spika ametoa uamuzi. Mbunge asiyeweza kusema atasaidiwa kupiga kura, na wa kumsaidia ni mke au mume wake peke yake. Si ndugu. Si mimi."

Msomaji, hebu ona. Walikuwa wamemwiba mgonjwa, wakamvisha, wakamnyoa, na mwisho wa yote walikuwa wanamhitaji yule yule waliyemkimbia.

"Jina likiitwa," Kavata aliendelea, "utasimama kando ya kiti chake. Utasema neno moja. Ndiyo."

"Kama neno lake si hilo?"

Huko karakana cherehani moja ilianza, ikasita.

"Aliniambia hapitishi mswada," Warigia alisema. "Kwa mdomo wake. Jikoni hapo. Jumapili."

Githinji, ambaye bado alikuwa sakafuni, aliinua kichwa. Alikuwa kijana mwenye sura ile ile ya Wanyoike kabla hajanenepa, na kwa mara ya kwanza leo macho yake hayakukwepa.

"Jumapili ni kweli," alisema. "Hata mimi aliniambia hivyo Jumapili. Lakini Jumatatu asubuhi alinipigia, kabla hajaingia bafu. Akasema, Githinji, nimefikiria. Nitapitisha."

"Mwongo!"

"Naapa. Akasema wamemwahidi kwamba watu wa Gatuanyaga watapewa mahali pengine. Akasema akikataa wataondolewa tu na hawatapewa kitu. Alikuwa analia kwa simu, shemeji. Sijawahi kumsikia akilia." Githinji alijifuta uso kwa kiganja. "Mimi sijauza ndugu yangu. Nafanya alichosema."

Warigia alimgeukia mumewe. Alimshika mashavu yote mawili, lile lenye nguvu na lile lililolala.

"Niangalie. Ni kweli? Ulimpigia?"

Wanyoike alimtazama. Kisha machozi yakashuka, akageuza uso akaangalia dirisha.

Kulia kwake hakukumpa Warigia jibu. Sista Nafuna alikuwa amesema, siku hizi analia akiona hata mvua.

Warigia alimfikiria Wayua na vigingi kwenye choo. Akamfikiria Maggie na simu zake. Alijaribu kumwona mumewe Jumatatu ile amesimama nje ya mlango wa bafu na simu mkononi, akisema neno ambalo hakumwambia mkewe. Ilimuuma kwamba aliweza kumwona vizuri kabisa.

Mwishowe aliivuta tai ambayo Githinji alikuwa ameifunga vibaya, akaifungua na kuifunga upya.

"Twende," alisema.

Kavata alitabasamu. Hakuuliza twende kusema nini.

Ukumbi wa Bunge ulikuwa umejaa mpaka milangoni. Upande huu Ngao, upande ule Mizani, na katikati lile zulia la kijani ambalo Ouma alimsukuma Mheshimiwa mpaka mwisho wake kabla ya kuamriwa atoke. Wabunge walisimama. Wengine walipiga makofi. Wengine, walipoona uso ule uliolegea, waliacha katikati ya kupiga.

Warigia hakuwa amewahi kuingia humo. Aliwaona watu aliozoea kuwaona kwenye televisheni, wadogo kuliko alivyodhani, wamechoka, wanapepea karatasi. Tobias alikuwa safu ya pili upande wa Mizani. Walipotazamana, yeye ndiye aliyeshusha macho.

Karani alianza kuita majina. Ndiyo. La. Ndiyo. La. Mwakilishi wa wanawake aliyekuja na mtoto mgongoni, La. Mbunge huru wa mwisho, ambaye pande zote zilikuwa zimelala mlangoni kwake, akasimama, akakohoa, akasema La, na Mizani wakapiga meza. Mteule mmoja mzee wa Ngao akasema Ndiyo kwa sauti iliyokwaruza. Kavata alikuwa ameshika kalamu, anahesabu, midomo ikicheza.

Kalamu ikasimama. Kulikuwa na jina moja lililobaki, nalo lilikuwa limewekwa mwisho makusudi.

"Mheshimiwa Wanyoike Gachau, Mukinyi."

Wabunge wote waligeuza shingo.

Warigia aliweka mkono kwenye bega la mumewe. Chini ya kitambaa cha suti, bega lilikuwa mfupa. Alihisi pumzi yake ikipanda na kushuka. Akafikiri: ni mwanamume yupi nimsemee, wa Jumapili au wa Jumatatu?

Aliyemjua yeye ni mmoja. Yule wa chungwa na kisu kidogo. Yule wa Jumatatu aliletewa habari zake na watu waliomfungua vidole.

"La," Warigia alisema.

Ukumbi ulilipuka. Mizani walirukaruka, mtu akapanda juu ya kiti. Upande wa Ngao walikuwa wamesimama wote, vidole hewani, wakipiga kelele kwamba mwanamke huyo si mbunge, atolewe nje. Kavata peke yake hakusogea. Alikuwa ametulia kitini mwake, anamtazama Warigia kama mtu anayetazama nyumba ikiungua.

"Utulivu!" Spika alipiga meza. "Utulivu, la sivyo nitafunga kikao!"

Na katikati ya kelele hizo, Warigia alihisi kitu. Mkono wa kushoto wa Wanyoike, ule mzima, ulikuwa umeinuka kutoka pajani. Ulipanda polepole, ukafika begani. Ukaushika mkono wa Warigia.

Akadhani anamshukuru.

Mkono ule ulimwondolea vidole begani, kidole kimoja kimoja.

Wanyoike aliinua kichwa. Mishipa ya shingo ilimtoka. Upande mmoja wa mdomo ulifunguka, mwingine ukakataa, na kutoka kifuani mwake, kwa sauti nzito ambayo mkewe alikuwa akilala akiiota tangu siku ile ya bafuni, likatoka neno. Halikuwa na kigugumizi, na hata wa safu za nyuma walilisikia.

"Ndiyo."

Ukumbi wote ukakatika sauti kama redio iliyochomolewa waya.

Warigia alimzunguka, akainama mbele yake. Alitaka kucheka na alitaka kupiga mayowe. Mume wake alikuwa ameongea! Na alichoongea kilikuwa kisu.

"Baba Maggie," alinong'ona. "Umesema nini?"

Spika alikuwa amesimama kitini mwake. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Bunge limesikia sauti mbili kutoka kiti kimoja," alisema taratibu. "Mama, rudi nyuma, tafadhali. Mheshimiwa, tuambie tena. Kura yako ni ipi?"

Wanyoike alimtazama mkewe usoni. Kisha akafungua mdomo tena.

Itaendelea wiki ijayo.